Waungwana Wanane Chini ya Mpiko

Fumbueni hiki kwanza. Kuna mnyama ana miguu kumi na sita, mkia hana, tumboni mwake mna mtu mzima anayezungumza, na akichoka haanguki bali anashushwa. Mmeshindwa? Basi mji mnipe mimi, nami nitawaambia: ni machela. Na si machela yoyote tu, wajukuu zangu. Ni machela ya Bibi Tetia, iliyobebwa na babu yenu Sagari na wenzake saba kutoka kilima cha Kaelio pale Roma mpaka popote roho ya Bibi ilipotaka kwenda. Mkimwona babu yenu anatembea bega moja liko chini kama mlango ulioachia bawaba, msicheke. Bega lile lina habari yake, na leo nitaiandika kabla sijaanza kuisahau.

Mimi nilikuwa msusi wa Bibi Tetia. Asubuhi nilimsuka, na akitoka nilitembea kando ya machela nikiwa na kipepeo mkono huu na viatu vyake mkono ule. Nilipotimiza miaka thelathini aliniacha huru, nikawa muungwana. Sagari alibaki mtumwa. Usiku tulilalia mto mmoja, mchana tulikuwa chini ya sheria mbili. Kwa sheria hakuwa hata mume wangu, aliitwa mwenzangu wa chumba, kana kwamba tulikuwa wapangaji wawili tunaogombania dirisha.

Bibi alikuwa mtu wa maneno machache na vitendawili vingi. Alizaa watoto watatu na akawazika wote watatu. Kwa kuwa alizaa watatu, sheria ilimwondolea msimamizi, akawa anaweza kuamua mambo yake bila kumwomba mwanamume ruhusa. Lakini aliyebaki kumrithi alikuwa Pakonio, mtoto wa kaka wa marehemu mumewe, kijana aliyekuwa akiingia ndani ya nyumba anahesabu vinara vya taa kabla hajasalimu.

Mwaka ule Bibi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mganga Mgiriki akamfunga kwa mbao na kitani, akatoka ukumbini, akaninong'oneza: "Thalusa, mpe siku nne. Tano, miungu ikipenda. Akitikiswa, hata mbili hafiki."

Bibi akawa amesikia. Masikio yake hayakuvunjika.

Siku ile ile akawaita wapagazi wake wanane chumbani. Wakasimama wakiinamisha vichwa kwa sababu dari ilikuwa fupi, na pia kwa sababu walikuwa wanalia.

"Nilitaka niwaache huru wote kwa wosia," akasema. "Lakini mwenye watu ishirini, sheria inamruhusu aache huru theluthi tu katika wosia. Theluthi ya ishirini ni sita na kipande, na kipande cha mtu hakipo. Nyie mko wanane. Mimi siwezi kuchagua. Pigeni kura."

Tukaleta gudulia, tukatia kunde sita nyeupe na mbili nyeusi. Wakaingiza mikono mmoja mmoja. Mzee Atota, mwenye mvi, akatoa nyeusi. Akafuata Tibio, yule mcheshi, akatoa nyeupe. Sagari alikuwa wa mwisho kama kawaida yake, akafungua kiganja. Nikaiona kunde nyeusi imelala pale kama kinyesi cha panya.

Tulijua maana yake, maana Pakonio hakuificha. Wapagazi watakaobaki mikononi mwake alikwisha kuwaahidi kwa mtu mwenye machimbo ya mawe kule Tiburi. Na kutoka kule huwa harudi mtu, hurudi vumbi.

Tibio aliitazama kunde yake nyeupe, akaitazama nyeusi ya Sagari, akaitia ya kwake mdomoni, akaitafuna na kuimeza.

"Haya," akasema, "mimi kura yangu nimeila. Sina kura. Machela haibebwi na watu sita, Bibi. Tutakwenda wanane au hatuendi."

Na wale wengine watano, wehu wale, wakaanza kutafuna.

Usiku ule sikulala, na alfajiri nilikwenda kisimani pale njia panda. Nikamkuta mama mmoja muuza vitunguu anajisifu mbele ya wenzake. Kaka yake ameachwa huru, tena si mahakamani. Njiani! Bwana wake alimkuta hakimu mkuu anakwenda kwenye maigizo, wakasimama kando ya duka la mikate, fimbo ikagusa kichwa, basi, mtu akaenda zake muungwana.

"Uongo," mwenzake akasema.

"Uongo uko kwa mumeo! Hakimu akiwa anatembea, hakimu ni yule yule. Akienda kuoga, ni yule yule. Sheria iko ndani yake, haiko kwenye kiti."

Nikaiacha ndoo palepale. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi, hesabu ya theluthi ni ya wosia tu. Au siyo?"

"Ni ya wosia."

"Na mtu aliye hai, akisimama mbele ya hakimu mwenyewe?"

Bibi aligeuza uso akanitazama. Halafu akacheka, na kucheka kukamuuma, akaushika mkono wangu akaubana.

"Aliye hai hahesabiwi," akasema. "Lakini kesho inaanza michezo, na kwa siku saba hakuna kesi. Na mimi siku saba sina. Waite wanaume. Tunakwenda leo."

Mganga alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. "Utafia njiani, Bibi!"

"Basi nitakufa nikiwa ninakwenda mahali. Kitandani hapa ninakwenda wapi?"

Tukamweka ndani ya machela na mito yake yote, mbao za mganga zikiwa bado zimefungwa. Sagari akakaa mbele kushoto, mahali pa kiongozi. Mzee Atota nyuma kabisa. Tibio katikati, kwa sababu mdomo wake ulihitaji watu wa pande zote. Wakatia ngata mabegani, wakainama, wakainua mipiko, ile miti ya machela. Na mimi kando, bila kipepeo wala viatu. Nilikuwa nimeshika roho yangu na chupa ya maji yaliyotiwa siki.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Watu husifu machela ambayo wapagazi wake wanatembea kwa hatua moja, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Inapendeza machoni. Lakini miguu minane ikikanyaga pamoja, machela inapokea dafrao nane kwa mpigo mmoja, nayo inaanza kuyumba kama ng'ombe mwenye mimba. Mpagazi anayeijua kazi anavunja hatua. Mmoja anakanyaga wakati mwingine anainua, huyu anapanda, yule anashuka, na juu yao kitanda kinatulia kama maziwa bakulini. Sagari aliwafundisha hivyo kwa miaka kumi na mbili. Walijivunia hivyo. Waliwacheka wapagazi wa wenzao wakiwaita askari waliopotea.

Na siku ile, siku moja katika miaka kumi na mbili, wakasahau.

Ilikuwa furaha tu. Kila mmoja alikuwa anabeba uungwana wake begani, na mtu aliyebeba uungwana wake haendi, anapiga gwaride. Tulipofika mteremko wa Kaelio nikasikia: pa, pa, pa, pa. Hatua moja. Mapazia yakaanza kupepea upande huu na upande ule, na ndani nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa Bibi hata siku anamzika mwanawe wa tatu.

"Simameni!" nikapiga kelele. "Mnamuua!"

Sagari akasimama kama aliyegonga ukuta. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Sisi ni nani?" akauliza bila kugeuka.

Wakatazama miguu yao.

"Nimeuliza, sisi ni askari?"

"Hapana," wakajibu chini kwa chini.

"Basi vunjeni hatua. Tibio, wewe anza na ya kulia. Mzee Atota, subiri hesabu moja. Na anayetaka kufurahi afurahi kwa uso. Miguu iko kazini."

Nikafungua pazia. Bibi alikuwa ameuma kona ya mto. "Kitendawili," akasema, jasho likimtoka.

"Tega, Bibi."

"Nimewabebesha miaka kumi na mbili, leo ndio nawaona wazito."

Nilijua jibu, ni uungwana waliobeba ndio mzito, nikamnywesha maji tu.

Waliponyanyua tena, nawaambia, ningeweza kuweka yai juu ya mto ule. Tukashuka kwa kasi ya maji. Tibio akawa anaita mbele, "Pisha! Pisha! Bibi anapita!" na kama hawakupisha aliongeza mambo ya mama zao.

Tulipoingia mtaa wa wafua nguo, njia ikaisha. Gari la mawe ya marumaru, moja ya yale yanayoruhusiwa kupita mchana kwa ajili ya hekalu, lilikuwa limevunjika ekseli katikati ya mtaa. Ng'ombe kumi na wawili wamelala, dereva anawatukana ng'ombe, watu wanamtukana dereva. Nyuma yetu umati ulikwisha kujaa. Na jua likipita utosi, hakimu anainuka kitini.

"Kaka!" Sagari akamwita mfua nguo aliyesimama mlangoni, miguu ya bluu kwa rangi mpaka magotini. "Duka lako lina mlango wa nyuma?"

"Linao. Kwani unataka kununua?"

"Nataka kupita."

"Na hicho kitanda?"

"Na hiki kitanda."

Mfua nguo akatazama machela, akatazama mlango wake. "Shemeji yangu alipita pale na punda, punda akakwama."

"Shemeji yako hakuwa mpagazi," Tibio akasema.

Mlango ulikuwa mwembamba, wanane hawaenei. Wanne wa nje wakachomoka, wanne wa ndani wakabaki na mzigo wote, mishipa ya shingo imewasimama kama kamba za kisima. Wakaingia kwa ubavu katikati ya mabeseni makubwa, vijana wakiwa ndani yake wanakanyaga nguo za watu kwenye mkojo uliochacha, ndio sabuni yao. Harufu yake ilikata macho. Mwanamke wa nyumba kubwa, hajawahi kufika mahali kama pale maisha yake yote.

Pazia likafunguka kidogo, mkono wa Bibi ukiwa puani. "Kitendawili," akasema.

"Tega!" wakaitikia vijana wa mabeseni, wenyewe hawajui wanajibu nani.

"Kila mtu anacho, kila mtu anakitupa, na mfua nguo akikiona anashukuru."

Duka zima likaangua kicheko. Kijana mmoja alicheka mpaka akakaa ndani ya beseni. Mfua nguo mwenyewe akaja akashika mpiko wa nyuma kwa mikono yake ya bluu, akasaidia kusukuma mpaka uani. "Bibi huyu ni wetu!" akapiga kelele. "Msimwangushe Bibi wetu!"

Tukatokea upande wa pili. Tulifika Uwanja Mkuu vivuli vikiwa vimeanza kulala. Kiti cha hakimu kilikuwa kitupu. Karani alikuwa anakunja vibao vyake vya nta.

"Ameondoka," akasema. "Rudini baada ya michezo."

"Ameondoka kwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mama, hiyo si kazi yako."

"Mwanangu," nikasema, "mtu anayetoka kazini saa hizi na vumbi hili, ama anakwenda kula ama anakwenda kuoga. Harufu ya chakula siisikii."

Akanitazama, halafu akacheka kidogo, akaonyesha kwa kidevu njia inayozunguka chini ya kilima cha Kapitoli kuelekea mabafu ya uwandani.

Tuliwaona kwenye kona. Machela ya hakimu ilikuwa kubwa, imenakshiwa, na wapagazi wanane warefu sawasawa kama nguzo za hekalu, vijana wa Bithinia waliovaa nyekundu. Hatua moja. Pa, pa, pa. Machela inayumba vizuri sana. Mbele yake matarishi wawili wenye fimbo.

Sagari hakukimbia. Alirefusha hatua tu. Wetu wakapita kati ya watu kama sindano kwenye kitambaa, mpaka machela mbili zikawa ubavu kwa ubavu.

"Bwana hakimu!" nikaita. "Bibi Tetia anataka kuacha watu huru!"

Pazia likafunguka. Uso wa hakimu ulikuwa wa kijani.

"Kesho," akasema.

"Kesho ni michezo, Bwana. Baada ya michezo yeye hayupo."

Akamtazama Bibi amelala na mbao zake. Alikuwa mtu mzima, si mtu mbaya, ila tumbo lilikuwa limemshika. "Mimi sisimami," akasema. "Nikisimama katikati ya mtaa huu wataniletea kesi za mbuzi na paa zinazovuja mpaka jioni. Tuseme huku tunakwenda. Kuna aliye chini ya miaka thelathini hapo? Huyo sheria hairuhusu."

"Bwana," akasema Tibio, "tazama mabega. Bega la miaka ishirini liko hivi?"

Na ikaanza, wajukuu zangu, kazi ambayo sijaiona tena. Mnaijua kawaida: bwana anamshika mtumwa, anasema maneno, tarishi anamgusa kwa fimbo, bwana anamzungusha na kumwachia. Mahakamani watu husimama. Sisi tulikuwa tunatembea.

"Anzeni na nyuma," Sagari akasema.

"Tangulia wewe," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Wewe na Mzee Atota ndio mliotoa nyeusi. Pumzi ya Bibi ni ndogo. Tangulia, mume wangu!"

"Nikitoka mbele, nani ataona njia?"

"Sagari!"

"Kiongozi hawaachi watu wake chini ya mpiko, Thalusa. Usinisukume."

Nilitamani kumpiga na ile chupa.

Mzee Atota akachomoka nyuma, saba wakabaki na mzigo. Akaja mbio kando ya pazia, Bibi akatoa mkono akamshika kidole. "Ninataka mtu huyu awe huru," akasema. Fimbo ikagusa mvi zake. Bibi akamsukuma bega, mzee akazunguka mara moja huku anatembea, akapepesuka, akamgonga muuza dengu. Na alipopata miguu yake, alifanya nini? Akarudi mbio nyuma, akaingiza bega chini ya mpiko.

"Moja!" umati ukapiga kelele. Maana sasa tulikuwa na umati. Wafua nguo wenye miguu ya bluu walikuwa wametufuata, na mtaa mzima nyuma yao.

"We mzee!" mtu akamtania kutoka dirishani. "Umeshakuwa huru, mbona umerudi kazini?"

"Wewe uko huru tangu kuzaliwa, mbona hujawahi kwenda kazini?" Tibio akamjibu.

Wa pili akatoka, akazungushwa, akarudi. Wa tatu. Kila mmoja alitoka mtumwa na kurudi muungwana chini ya mti ule ule. Hakimu akatoa kichwa nje kabisa.

"Huyu nimekwisha kumwachia," akasema akimwonyesha Tibio, ambaye alikuwa wa tano. "Sheria haimtaki abebe tena. Kwa nini anarudi?"

"Bwana, nikikaa pembeni nifurahie, ataanguka aliyenifurahisha."

Umati ukapiga makofi. "Tano!" Halafu sita. Halafu saba, kelele zikawa kubwa, na sauti ya Bibi ikawa ndogo zaidi kila mara, kama taa inayokunywa mafuta ya mwisho. Mbele yetu nikaona moshi wa mabafu. Ngazi zake zilikuwa hatua mia moja tu. Pale hakimu angeshuka, angeingia, na mlango ungefungwa.

"Wa mwisho," hakimu akasema.

Bibi akafungua mdomo. Midomo ikatembea. Sikusikia kitu.

"Sisikii," hakimu akasema. "Lazima nisikie, Bibi. Bila kusikia hakuna kitu."

Akajaribu tena. Machela ya hakimu ikayumba kwenda kule, ikayumba kuja huku, na kila ilipokuja alinyoosha sikio, na kila ilipokwenda aliushika mdomo wake asije akatapika. Hatua themanini. Hatua sabini.

"Nyamazeni!" nikaugeukia umati, nikapiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. "Nyamazeni nyote! Anayesema neno nitamng'oa nywele, na mimi ni msusi, najua pa kushika!"

Wakanyamaza. Mtaa mzima wa Roma ukanyamaza, nikasikia ndala za wapagazi tu.

Ndipo hakimu mkuu akasema, "Nishusheni."

"Bwana?" matarishi wakashangaa.

"Nishusheni, nimesema! Kitanda hiki kitaniua kabla ya yule Bibi." Na akashuka, vazi lake la zambarau likaburuta vumbi, akasimama kwa miguu yake mwenyewe, akavuta pumzi. Halafu akaja upande wetu akaanza kutembea. Hakimu mkuu, kwa miguu, kando ya machela ya watu waliokuwa watumwa asubuhi ile. Akaweka sikio lake kwenye pazia.

"Sagari," nikasema. "Toka."

"Nani atashika mbele?"

Sikumjibu. Nilimpa tarishi chupa, nikainama, nikaingiza bega langu chini ya mpiko nyuma ya shingo ya Sagari. "Toka, mwanamume!"

Akatoka. Mzigo ukaniangukia.

Ee wanangu! Nilikuwa nimelala na mtu yule miaka tisa, nimempaka mafuta bega lile kila jioni, nikidhani najua anabeba nini. Sikujua. Mti uliingia kwenye nyama kama jino. Mgongo wangu ulilia. Nyuma yangu Tibio akanong'ona, "Hatua fupi, shemeji. Usinifuate mimi. Mimi kulia, wewe kushoto. Hivyo hivyo. Umezaliwa mpagazi." Nikatembea. Mimi muungwana, wenzangu saba waungwana, na Bibi juu yetu hakutikisika hata unywele.

Sikuweza kugeuka nione. Nilisikia tu.

"Ninataka," sauti ya Bibi ikasema. Ikakatika. Nikahesabu hatua nne. "Ninataka mtu huyu awe huru."

"Nimesikia," hakimu akasema.

Tap. Fimbo kwenye kichwa. Na ndala za Sagari zikazunguka kwenye mawe, duara moja zima.

"Nane!"

Sijui nani alianza. Nilisikia kelele zinatoka madirishani, mapaani, kwenye ngazi za mabafu ambako watu walitoka wakiwa na taulo tu. Wafua nguo walikuwa wanaruka na kupakana bluu. Muuza kofia akapita kati yetu akitupa kofia za sufu nyeupe, zile za waungwana wapya, na watu wakawavalisha wapagazi vichwani kwa sababu wao mikono haikuwa na nafasi. Mzee Atota ya kwake ilimfunika macho, akaendelea kutembea hivyo hivyo.

Sagari akaja mbele yangu. Kofia imekaa upande. Akaninyang'anya mpiko.

"Huu ni wangu," akasema.

"Si wako tena."

"Ndiyo maana nautaka."

Hakimu akamuuliza, "Nani alikufundisha kubeba hivi?"

"Kuanguka, Bwana. Nimeanguka sana."

Hakimu akawatazama Wabithinia wake warefu, akatazama machela yake ya dhahabu, akaingia mabafuni kwa miguu.

Tulirudi kwa njia kubwa wanayopita majemadari walioshinda vita, na hakuna mtu aliyethubutu kutuambia tupishe. Waliotukuta njiani waliuliza ni nani huyo aliyebebwa na waungwana wanane. Tibio akawaambia ni malkia wa Paflagonia. Bibi akafungua pazia lote. Uso wake ulikuwa mweupe na umefurahi, akawa anapungia watu mkono.

Pakonio alikuwa mlangoni anatusubiri, keshapata habari, mikono kiunoni.

"Mmechelewa," akawaambia. "Iwekeni chini hiyo machela, nyie, haraka, halafu muingie jikoni niwaone."

Hakuna aliyetikisika. Mti ulikuwa mabegani, kofia nyeupe vichwani, jasho likiwadondoka.

"Hamnisikii? Iwekeni chini!"

Sagari akamtazama. Alimtazama kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kijiko.

"Sema tafadhali," akasema.

Pakonio akatazama huku na huku. Majirani wote walikuwa nje. Wafua nguo walikuwa nje. Akamtazama Bibi, na Bibi akamtazama yeye, akisubiri jibu kama anayesubiri kitendawili chake kifumbuliwe.

"Tafadhali," Pakonio akasema.

Wakaishusha polepole, miguu yake minne ikagusa mawe kwa wakati mmoja, bila sauti. Na mganga aliyempa siku nne, Bibi alimtia aibu. Aliishi kumi na tisa, na kila asubuhi ya siku hizo wanaume wanane walikuja kwa hiari yao, wakagonga mlango, wakamuuliza leo angependa kwenda wapi.